Unataka kuchipi PlayStation? Ngoja kwanza, usije ukalia!

Kama na wewe ni wale ambao jioni wakitafutwa nyumbani hawaonekani, mpaka mama amtume mtoto akachungulie kwenye kibanda cha gemu, basi wiki hii ukurasa huu ni wako.

Nianze na kisa. Mpwa wangu ana kibanda cha gemu pale Ifakara. Si kibanda cha kutisha: mabati, mabenchi mawili, televisheni mbili na PlayStation 3 mbili. Lakini kijana anakula hapo, kodi ya chumba inatoka hapo, na ada ya mdogo wake inatoka hapohapo. Watu wakishauza mpunga, wewe mwenyewe utaona, pale huwa hapatoshi. Sasa diski zake zilikuwa zimekwaruzika, wateja wanadai gemu nyingine, akaona bora mashine moja aichipi. Akaitwa fundi. Saa mbili usiku wakaanza kazi. Ule mstari wa kwenye kioo umefika nusu, umeme huo, paa! Giza. Uliporudi, mashine ikawasha taa, kwenye televisheni hakuna kitu. Akanipigia simu, sauti imekauka: "Mjomba, shikamoo. Mashine imekuwa tofali."

Hakuwa anatania. Mafundi wa dunia nzima mashine iliyokufa hivyo huiita tofali, maana kazi iliyobaki ni kujengea.

Tuelewane kwanza juu ya neno lenyewe. "Kuchipi" ni jina la zamani, la enzi za PlayStation ya kwanza na ya pili, ambapo fundi alikuwa anafungua mashine na kuchomelea chipu ya kweli kwa risasi. Kwa PlayStation 3 na 4 kwa kawaida hakuna chipu inayochomelewa. Kinachofanyika ni kuichezea femwea, yaani ile programu ya ndani kabisa inayoamsha mashine kabla hujaona hata picha moja. Ukiondoa ya kiwandani ukaweka iliyotengenezwa na watu wengine, mashine inakubali programu ambazo mwenye kiwanda hakuziruhusu. Na programu hizo hutolewa bure. Anayekwambia "programu yenyewe nimeinunua ghali" anakuingiza mjini. Mlipe kazi yake, basi.

Je, kila mashine inakubali? Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoliwa pesa. Geuza PlayStation 3 yako, soma karatasi iliyobandikwa nyuma: kuna herufi CECH na tarakimu. Zile nene za mwanzo zinakubali femwea kamili. Nyembamba zenye 20 na 21 nazo zimo. Za 25 ni bahati yako, inategemea ilitoka kiwandani na toleo gani, 3.56 kurudi chini ndiyo inakubali. Kuanzia 30, pamoja na zile ndogo za mwisho zenye mfuniko wa kusukuma, femwea kamili usiilazimishe. Hizo zina njia yake iitwayo HEN, iliyotoka mwaka 2019. HEN haiandiki upya femwea yenyewe, kwa hiyo hatari ya tofali ni ndogo, ila kila ukiwasha mashine unaianzisha upya. Fundi akisema "hii ya 40 naiwekea femwea kamili", chukua mashine yako urudi nyumbani.

PlayStation 4 ni habari nyingine. Ukizima, mambo yote yanafutika, unaanza tena. Tena inategemea toleo lililomo ndani, na toleo hilo linapanda tu, halishuki. Kwa hiyo zima upakuaji wa masasisho kwenye mipangilio, na diski mpya ikikuuliza "nisasishe?" ikatalie. Kidole kimoja kikiteleza hapo, safari imeisha.

Sasa turudi kwenye umeme, maana ndio uliomwua yule. Bonde letu lina mabwawa pande zote: Kidatu mitambo yake ni megawati 204, Kihansi ni 180. Ukiwa Ifakara unajiona umekaa juu ya jenereta la taifa, lakini taa ikikatika unapapasa mshumaa kama watu wengine! Femwea inapoandikwa, mashine imefuta ya zamani na haijamaliza mpya. Ukikatika hapo, haina cha kuiamsha. Kwa hiyo usianze bila UPS yenye betri nzima, au inveta ya sola. Huna? Kaazime. Na kama wingu limetanda na radi inanguruma upande wa Udzungwa, ahirisha hadi kesho.

La pili ambalo yule fundi hakulifanya: hakutoa nakala ya femwea ya zamani. Inatolewa kabla ya yote, inawekwa kwenye flashi, inaandikwa jina la mashine. Mashine ikifa, fundi mwenye kifaa cha kuandikia moja kwa moja kwenye ubao anaweza kuifufua kwa nakala hiyo. Ya mashine ya jirani haifai, maana kila moja ina vitu vyake binafsi humo ndani.

Ila si kila kifo ni cha femwea, jamani. Zile nene zinajulikana kwa kuugua joto, na joto la Ifakara unalijua. Taa ya njano ikiwaka kidogo kisha nyekundu ikapepesa, hapo ni ubao. Usimkabe fundi bure.

Na intaneti? Mashine iliyochipiwa usiipeleke kwenye mtandao wa Sony. Wakiigundua wanaifungia, na akaunti yako pia.

Msinielewe vibaya. Kuigusa mashine uliyoinunua ni mabishano ya muda mrefu. Sony ilimshtaki Mmarekani George Hotz mwaka 2011 kwa kuifungua PlayStation 3, wakamalizana miezi michache baadaye. Lakini gemu za kunakili ni wizi wa jasho la mtu, na sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 ipo. Mwaka 2022 Gary Bowser alihukumiwa Marekani miezi 40 kwa kushiriki biashara ya vifaa vya kuchipi mashine za Nintendo. Mwenye kibanda anayetoza watu pesa aliwaze hilo kuliko mtoto anayecheza sebuleni.

Mpwa wangu alikaa miezi miwili na mashine moja, wateja wakihamia kwa jirani. Kisha akanunua nyingine, ya mtumba, na diski zake. Hajaichipi. Ile ya zamani bado ipo kibandani, anazuilia mlango usipigwe na upepo.