Nyuki: Tumjue Ili Tusiumizwe

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayetunza watoto kampini,

Sisi wa Masisi na Walikale tunamjua nyuki tangu utoto. Milimani Masisi tunamwona juu ya maua ya mikaratusi. Kule Walikale anakaa katika mashimo ya miti mikubwa ya msitu. Asali yake tunaipenda, mwiba wake tunauogopa. Lakini je, unajua kwa nini anauma? Ukijua namna anavyoishi, utajua namna ya kujilinda.

KILA MMOJA NA KAZI YAKE

Nyumba ya nyuki ina malkia mmoja. Kazi yake ni kutaga mayai, na anaweza kutaga zaidi ya 1,000 kwa siku. Madume hawana mwiba. Kazi yao ni kumpa malkia mbegu tu. Wengine wote, maelfu kwa maelfu, ni majike wafanyakazi.

Mfanyakazi huzaliwa majuma 3 hivi baada ya yai kutagwa. Kwanza anasafisha masega, kisha analisha watoto, anajenga kwa nta inayotoka tumboni mwake, analinda mlango, na mwisho anatoka kutafuta chakula. Wakati wa maua mengi anaishi majuma 6 hivi, basi.

Akipata maua, anarudi kuwaambia wenzake kwa kucheza juu ya sega, gizani. Upande anaoelekea unaonyesha njia kwa kulinganisha na jua. Akitikisa tumbo kwa muda mrefu, maua yako mbali. Mtaalamu Karl von Frisch aliyefahamu lugha hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1973.

KENGELE YA HATARI

Nyuki anauma kwa kulinda nyumba yake. Mwiba wake una meno kama ndoana: ukiingia katika ngozi yako hautoki. Anauacha pamoja na mfuko wa sumu, naye anakufa. Hapo inatoka harufu karibu sawa na ya ndizi mbivu. Harufu hiyo ni kengele. Wenzake wanaifuata na kuuma palepale. Kwa hiyo ogopa zaidi wale walioitwa kuliko yule wa kwanza. Warina asali hutumia moshi kwa sababu unafunika harufu hiyo.

Mtikisiko wa mashine, nguo nyeusi na pumzi ya mtu huwachokoza. Na nyuki wetu wa Afrika ni wakali kuliko wa Ulaya.

FANYA HIVI

1. Kabla ya kuwasha mashine au kukata mti, tazama vizuri. Ukiona nyuki wanaingia na kutoka shimoni, simamisha kazi, mwambie kapita. Watoto wakatazwe kuwatupia mawe.

2. Wakikushambulia, usiwapige kwa mikono. Funika uso, kimbia moja kwa moja, ingia nyumbani au ndani ya gari, ufunge mlango. Usijifiche mtoni; wanaweza kukungoja utoe kichwa.

3. Ukiwa mahali salama, ondoa miiba upesi, ukikwangua kwa ukucha. Mfuko ule unaendelea kusukuma sumu hata nyuki akiisha kuondoka. Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa chenye maji baridi.

4. Nenda dispanseri mara moja ukiona mtu anapumua kwa shida, midomo au ulimi unavimba, kizunguzungu, kutapika, au vipele mwili mzima. Nenda pia kama ameumwa mara nyingi au ameumwa kinywani. Usingoje mwisho wa kazi! Kwa wengine mwiba mmoja tu unaweza kuua, na sindano ya adrenalini ikichomwa mapema huokoa maisha.

Ndugu, nyuki hakutafuti wewe. Heshimu mlango wake, nawe jioni utarudi kwako mzima.