Chanzo cha Kosa: Kimeru, Kiswahili cha Soko na Ufundishaji wa Lugha ya Pili Ruiri

1. Utangulizi

Walimu wa Kiswahili katika sehemu za bara nchini Kenya wamezoea kuyatia makosa ya wanafunzi wao katika kapu moja, kapu la "athari ya lugha ya mama". Mwanafunzi akisema ndawa badala ya dawa, husemwa kwamba lugha ya kwao ndiyo iliyomponza. Akisema vitu yangu badala ya vitu vyangu, mshitakiwa huwa ni yule yule. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba makosa hayo mawili hayana asili moja, na kwamba kushindwa kuyatenga kumeifanya lugha ya kwanza ya mtoto ibebe lawama isiyo yake. Mfano uliochaguliwa ni Ruiri, katika eneo la Buuri, Meru.

2. Ruiri na kazi za lugha zake

Ruiri iko kwenye miteremko iliyo kaskazini-mashariki ya mji wa Meru, mahali ambapo nchi yenye rutuba huanza kupungua mvua kuelekea Isiolo. Wenyeji wake wengi husema Kimeru, hasa lahaja ya Imenti. Isiolo, kwa upande wake, ni mji wa Waborana, Wasomali, Waturukana, Wasamburu na Wameru, na hakuna lugha ya kabila moja inayotosha kuwakutanisha wote hao. Lugha ya kuuziana mbuzi na mahindi kati ya jamii hizo ni Kiswahili.

Kwa hiyo mtoto wa Ruiri hukulia kati ya lugha tatu, na kila moja ina kazi yake. Kimeru ni lugha ya nyumbani, ya shamba na ya mashauri ya wazee. Baraza la Njuri Ncheke, lenye makao yake Nchiru, huendesha shughuli zake kwa lugha hiyo. Kiswahili ni lugha ya soko, ya gari la abiria na ya kila mkutano na mgeni. Kiingereza ni lugha ya mtihani na ya kazi ya ofisini. Hali hii yakaribia ile ambayo Abdulaziz Mkilifi aliieleza mwaka 1972 kuhusu Tanzania, akaiita triglosia. Tofauti iliyopo ni kwamba Kiswahili chenyewe hapa kina sura mbili: Kiswahili sanifu kinachopatikana kitabuni, na Kiswahili cha soko kinachopatikana barabarani. Mtoto hukutana na hiki cha pili kabla ya kile cha kwanza.

3. Makosa ya matamshi

Robert Lado, katika kitabu chake cha mwaka 1957, alishikilia kwamba ugumu wa kujifunza lugha ya pili waweza kutabiriwa kwa kuilinganisha na lugha ya kwanza. Kwa upande wa sauti, hoja yake ina nguvu Ruiri. Kimeru kina irabu saba, Kiswahili kina tano. Hapa mwanafunzi hapati taabu kubwa, kwani anatoka penye wingi kwenda penye uchache. Taabu iko katika konsonanti. Sauti d na g za Kimeru hutamkwa kama vipasuo zikitanguliwa na nazali. Ndiyo maana dawa na gari yalipoingia Kimeru yakawa ndawa na ngari. Kimeru cha Imenti hakina h, hivyo hapa huwa apa. Aidha, penye l ya Kiswahili mara nyingi Imenti ina r: lima ni rima. Hata maandishi yana mtego wake. Herufi th katika Kimeru husimama mahali pa sauti ambayo Kiswahili huiandika dh. Msomaji aliyezoea Kimeru huliona neno thelathini akalitamka dheladhini.

Makosa haya ni ya lugha ya mama kweli. Lakini yana utaratibu, na lenye utaratibu lafundishika.

4. Makosa ya upatanisho wa kisarufi

Yakifikiwa makosa ya ngeli, maelezo hayo hayafai tena. Kimeru ni lugha ya Kibantu yenye ngeli kamili na upatanisho mkali. Pale Kiswahili kinaposema mtu na watu, Kimeru husema muntu na antu. Pale Kiswahili kinaposema vitu vyangu, Kimeru husema into biakwa (alama za irabu zimeachwa hapa). Mtoto wa miaka minne wa Ruiri hapotezi upatanisho huo anapozungumza na mama yake. Iweje basi, akiwa darasani, aseme vitu yangu? Kosa hilo haliwezi kutoka katika lugha ambayo haina kosa hilo.

Asili yake ni soko. Katika Kiswahili cha soko, watu wasio na lugha moja, na ambao baadhi yao lugha zao za Kikushi au za Kiniloti hazina ngeli za namna ya Kibantu, wamepunguza viambishi mpaka yangu ikatosha kwa karibu kila kitu. Mtoto husikia vitu yangu akayashika kama alivyoyasikia. Hakukosea kujifunza, alijifunza barabara lugha aliyoipata. S. P. Corder alikwisha kutanabahisha mwaka 1967 kwamba kosa la mwanafunzi ni ushahidi wa mfumo anaoujenga akilini.

Ziko pia sehemu ambapo vyanzo viwili hukutana. Mwanafunzi asemaye ng'ombe yangu husaidiwa na soko, lakini husaidiwa na Kimeru pia, kwa kuwa Kimeru husema ng'ombe yakwa bila kujali kwamba ng'ombe ana uhai. Vivyo hivyo katoto: Kimeru kina kaana na twana, na Kiswahili cha bara kimekubali ka- ya udogo, ilhali Kiswahili sanifu hupendelea kitoto na vitoto. Makosa ya aina hii ndiyo magumu kuliko yote kuyang'oa, maana yana mizizi miwili.

5. Sera na darasa

Suala hili si la nadharia tupu. Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza kwamba lugha ya eneo itumike kufundishia katika madarasa matatu ya kwanza. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili somo la lazima lenye kutahiniwa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, nao umezipa lugha za kienyeji nafasi ya somo katika madarasa ya chini. Hata hivyo, tangu enzi za ukoloni shule nyingi za Kenya zimemwadhibu mtoto kwa kusema lugha ya kwao, pengine kwa kumvika kibao shingoni. Moja ya sababu zinazotolewa ni kwamba lugha hiyo "huharibu" nyingine.

Ushahidi wa ngeli waonyesha kinyume. Mwalimu wa Ruiri akiandika into biakwa ubaoni, kisha vitu vyangu chini yake, amempa mwanafunzi kanuni ambayo tayari anayo, na amemwonyesha kwamba soko ndilo lililoiacha. Njia hiyo haipatikani kwa mwenziwe wa Isiolo ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiborana. Huyo hana budi kufundishwa ngeli kama jambo jipya. Kitabu chaweza kuwa kimoja, lakini njia ya kukifundisha haiwezi kuwa moja.

6. Hitimisho

Mwalimu anayesahihisha daftari hana budi kuuliza kwanza: kosa hili limetoka nyumbani, limetoka sokoni, au limetoka kotekote? La nyumbani hutibiwa kwa mazoezi ya sauti. La sokoni hutibiwa kwa kukirudia Kimeru chenyewe. La kotekote hudai subira na marudio. Wala Kiswahili cha soko hakistahili kudharauliwa, kwani ndicho kiwawezeshacho Mmeru na Mborana kupatana bei. Kila lugha iachiwe kazi yake. Mtoto anayenyang'anywa Kimeru ili apate Kiswahili hunyang'anywa kile kile ambacho kingemfikisha kwenye Kiswahili sanifu.