Gofu Bila Kuumiza Mfuko

Ukisikia gofu, pengine unawaza wazee wa klabu na magari makubwa kule Muthaiga. Tulia kwanza. Pale Ngong Racecourse, Nairobi, kuna uwanja unaoweza kucheza bila kuwa mwanachama, na sehemu ya mazoezi ambapo unalipia ndoo ya mipira tu, unapiga mpaka iishe.

Anza hapo. Usikimbilie seti nzima. Sheria inaruhusu fimbo 14, haisemi lazima uwe nazo zote. Azima fimbo namba 7, uishike bila kuikaba. Wengi wetu tunakosea kwa kutegemea nguvu za mikono, na mpira unakunja kulia hadi vichakani. Nguvu inatoka kiunoni. Rudisha fimbo nyuma polepole, zungusha kiuno, uzito uhamie mguu wa kushoto (kama unapiga kwa kulia), umalize kifua kikitazama unakolenga. Ndoo moja ya nusu swingi inafaa kuliko tatu za hasira.

Sasa pesa. Mmoja wetu hapa ofisini aliona seti ya mitumba mtandaoni, akatuma 6,000 "ya kushikilia". Muuzaji akazima simu, basi. Kwa hivyo ona fimbo kwanza ndipo ulipe, na kabla ya kukamilisha malipo soma jina linalotokea. Na kedi je? Kubalianeni bei kabla ya shimo la kwanza, umtumie kwa simu mkimaliza, na tafadhali uongeze ada ya kutoa.