Kiti cha Babu si Kuni: Tuzijue Fanicha za Kale za Pwani

Katika nyumba nyingi za Lamu, Pate, Malindi na Mombasa kuna vyombo vya mbao ambavyo watoto wa leo hawavijui hata majina. Kiti kirefu cheusi kimewekwa stoo. Sanduku zito la misumari ya shaba linatiwa makaa. Kisha siku moja anakuja broka, anatazama, anasema, "Mama, hii takataka nitakuondolea." Anatoa pesa kidogo, anabeba. Kumbe alichobeba ni kazi ya fundi aliyekufa zamani, na bei yake huko mbele ni mara nyingi zaidi ya aliyotoa.

Mtu hawezi kutunza asichokijua. Kwa hiyo leo tueleze vyombo hivi ni nini, vilitoka wapi, na mwenye navyo afanye nini.

VILITOKA WAPI?

Kwa mamia ya miaka majahazi yalikuja pwani yetu na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni, Uajemi na India, yakarudi na upepo wa kusi. Yalichukua boriti za mikoko, pembe za ndovu na bidhaa nyingine. Yalileta nguo, vyombo vya kaure, masanduku na vitanda. Mafundi wetu wakaona kazi za wageni, wakachukua walichokipenda, wakatengeneza za kwao. Kisiwani Pate, mji wa Siyu ulipata sifa kubwa kwa mafundi wake wa mbao na wa ngozi.

Karne ya 18 na ya 19 Lamu ilikuwa na utajiri mwingi. Matajiri walijenga nyumba za mawe zenye vidaka ukutani, wakazipamba kwa fanicha nzuri. Lakini tuseme ukweli wote. Sehemu kubwa ya utajiri huo ilitokana na jasho la watumwa waliolima mashamba ya bara. Utumwa ulipigwa marufuku katika pwani ya Kenya mwaka wa 1907. Kwa hiyo tukikisifu kiti cha tajiri, tusiwasahau wale ambao hawakuruhusiwa kukikalia.

VYOMBO VYENYEWE

Kiti cha enzi. Hiki ndicho maarufu zaidi. Kimesimama wima, mgongo mrefu, kina mikono na pa kuwekea miguu. Fremu yake mara nyingi ni ya mpingo, na mgongoni na pa kukalia pamejazwa utando wa nyuzi zilizosukwa. Juu yake fundi hutia vipande vidogo vya mfupa au pembe ya ndovu katika maumbo ya nyota na miraba. Hakikutengenezwa kwa ajili ya kujinyoosha! Kilikuwa cha mgeni wa heshima, mzee au mtawala, na aliyekikalia alikaa wima kama hakimu. Wataalamu wamebishana kuhusu asili yake: wengine wanataja Ureno na India, wengine Misri ya zamani za Wamamluki. Lakini jina na matumizi yake ni ya Waswahili wenyewe.

Vitanda. Cha kawaida ni kitanda cha ulili, yaani fremu ya mbao iliyosukwa kamba. Kitanda cha Kihindi kina miguu iliyokerezwa ikapakwa rangi za mistari, nyekundu, nyeusi na manjano. Samadari ni kitanda cha mbao cha kifahari chenye nguzo za kutundikia chandarua.

Masanduku ya njumu. Mengi yaliletwa kutoka Surat na Bombay, yametengenezwa kwa mbao ngumu kama msaji na sisamu. Yamepambwa kwa vibati na misumari ya shaba, na mengine yana droo chini. Ndani, upande mmoja, huwa kuna kijisanduku kidogo, na mara nyingine chini yake pana siri ya kufichia dhahabu au barua. Nahodha aliweka humo hesabu zake, bibi harusi aliweka nguo zake.

FUNDI ALIFANYAJE?

Fundi wa zamani hakuwa na stima. Alikuwa na tezo, msumeno, randa, patasi na keekee ya kuzungusha kwa uta. Maungio ya kiti hayakupigwa misumari. Upande mmoja alichonga ulimi, upande wa pili tundu, ulimi ukaingia ukakaza, kisha akafunga kwa kijiti cha mbao. Ndiyo maana kiti kizuri cha zamani huweza kufunguliwa na kuungwa tena bila kuharibika.

Nakshi zake ni za maua, mnyororo, nyota na duara. Sura ya mtu au mnyama si kawaida kuiona.

UTAJUAJE KIMA CHA KALE NA CHA JANA?

Siku hizi vipo vingi vilivyotengenezwa juzi vikauzwa kwa jina la kale. Angalia haya:

1. Uzito. Mpingo ni mzito sana, kibanzi chake huzama majini. Mbao nyepesi iliyopakwa rangi ya viatu haizami. Kwaruza kidogo mahali pa kificho: mpingo wa kweli ni mweusi mpaka ndani.

2. Kulika. Chombo cha kale kimelika pale panapoguswa: mikononi, ukingoni, pa kuwekea miguu. Kikilika kila mahali sawasawa, huyo ni msasa.

3. Skrubu. Skrubu zenye msalaba kichwani zilianza kutumika katika miaka ya 1930. Ukizikuta, ama chombo si cha kale au kimefanyiwa ripea.

4. Alama za mkono. Mkono wa mtu haulingani kama mashine. Maua mawili ya nakshi yatatofautiana kidogo.

MWENYE NACHO AFANYE NINI?

Kwanza, usikipige msasa wala usikipake vanishi. Ile rangi ya uzee ndiyo thamani yake. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, basi. Kiweke mbali na jua kali na ukuta wenye maji. Miguu iweke juu ya vigae ili mchwa wasipande. Ukiona vitundu na unga mpya chini yake, wadudu wamo ndani, mwite fundi mapema.

Pili, andika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Piga picha, andika urefu na upana, kilikuwa cha nani, kilikujaje. Waulize wazee wangali hai.

Tatu, ijue sheria. Chini ya Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka wa 2006, kitu kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka wa 1895 ni cha kale, hakitolewi nchini bila kibali. Milango na fremu zake zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946 nazo zinalindwa. Tena, mataifa yalikubaliana mwaka wa 1989 kufunga biashara ya pembe za ndovu, kwa hiyo kiti chenye pembe kina masharti yake pia. Kabla ya kuuza, waulize watu wa Makumbusho ya Lamu au ya Fort Jesus. Kuuliza si ujinga.

Hatusemi mtu asiuze kamwe. Karo ya shule ni karo, na njaa haingoji. Lakini ukae na jamaa zako kwanza, mjue mnachouza, na bei isitajwe na mnunuzi peke yake.

NA VIJANA JE?

Kazi hii haijafa. Mafundi wa nakshi wangalipo Lamu, na kijana mwenye subira anaweza kujifunza. Tatizo ni mbao. Mpingo huchukua miaka 70 na zaidi kukomaa, na tangu 2017 biashara yake ya nje ina masharti ya kimataifa. Wachongaji wengi wa Kenya wamegeukia mwembe, mwarobaini na jakaranda, miti inayokua haraka. Kiti kipya cha mwembe chenye maungio mazuri, kikiuzwa kwa jina lake la kweli, ni kazi ya halali na ya heshima. Fundi aandike jina lake na mwaka chini ya kiti. Miaka mia moja ijayo kitakuwa cha kale, na wajukuu watajua nani alikichonga.