DRIPU INAYOTETEMESHA KITANDA

Wiki hii tuweke kando mambo ya mitoko na mapenzi, tuingie wodini. Najua wengi wenu hamjalazwa hata siku moja. Lakini vijana ndio mnaotumwa kulala na mgonjwa, ndio mnaobeba chupa ya chai alfajiri, na ndio mnaopigwa butwaa mambo yakigeuka.

Vuta picha. Mama mdogo ana kansa ya damu. Kamaliza mzunguko wa dawa, nywele zimekwisha, sasa homa imemshika. Antibayotiki kapigwa siku tano, wapi! Daktari anasema huenda ni fangasi, anaandika dripu. Nesi anaifungua, anakwenda kwa wagonjwa wengine. Kama saa moja hivi baadaye mama mdogo anaanza kutetemeka, meno yanagongana, kitanda kinalia kwa-kwa-kwa, mwili unawaka moto. Bibi wa kitanda cha pili ananong'ona kwamba hiyo si dawa, ni sumu. Kesho yake mgonjwa anagoma: "Mwanangu, kile kitu nisikione tena."

Hapo ndipo penye kasheshe. Mtetemeko ule unatisha, lakini mara nyingi hupita. Fangasi aliyeachwa bila dawa ndiye anayeua.

Na hapa siongelei fangasi wa miguuni, wale wa kushinda na raba bila soksi. Dawa za kansa hushusha chembe nyeupe za damu, wale askari wa mwili. Askari muhimu wakishuka chini ya 500 kwa kila maikrolita ya damu, fangasi ambao mimi na wewe tunaishi nao bila habari huweza kupenya hadi kwenye damu na mapafu.

Dawa yenyewe inaitwa amfoterisini B. Ni mkongwe: ilipatikana miaka ya 1950 kutoka kwa bakteria wa udongo uliochotwa kando ya mto Orinoco, Venezuela. Inaua fangasi wengi kweli kweli, ila vituko vyake vinajulikana. Kule Marekani wahudumu wa hospitali waliibandika jina la utani lenye maana ya "tikisa kisha oka".

Kwa nini inatikisa? Inaziamsha chembe za kinga, nazo zinamwaga zile kemikali wanazomwaga mtu akivamiwa na vijidudu. Mwili unadhani vita imeanza, unapandisha homa. Kwa kawaida kasheshe huanza kati ya saa 1 na saa 3 tangu dripu ifunguliwe, na wengi hupata nafuu kadiri dozi zinavyoendelea. Yaani yule anayegoma baada ya siku ya kwanza mara nyingi anagoma siku iliyokuwa mbaya kuliko zote.

Sasa, kuna kinga. Kama nusu saa kabla ya dripu, mgonjwa anaweza kupewa Panadol na dawa ya mzio, wale ndugu wa Piritoni. Aliyetetemeka jana anaweza kuongezewa haidrokotisoni, ingawa madaktari hawaigawi kama pipi maana nayo inapunguza kinga. Mtetemeko ukishaanza, kuna sindano ya pethidini inayoutuliza. Lakini daktari atajuaje kama jana ilikuwa balaa, na nesi wa zamu ya usiku kaondoka? Wewe uliyekuwepo ndiye unayejua. Andika hata kwenye kipande cha boksi la dawa: dripu ilifunguliwa saa ngapi, kutetemeka kulianza saa ngapi, kuliisha lini. Kipande hicho kina thamani kuliko machungwa uliyobeba.

Halafu kuna ile tabia yetu. Dripu inakwenda polepole, nesi hayupo, kijana anaona anamsaidia mgonjwa, anazungusha kile kigurudumu ili iishe haraka. Ndugu yangu, acha! Dawa hii hupewa kwa saa kadhaa, na ikikimbizwa inaweza hata kuvuruga mapigo ya moyo. Mwaka 2001 madaktari wa Zürich, Uswisi, walichapisha utafiti wa wagonjwa 80. Waliopewa dripu taratibu kwa saa 24 walipata mitetemeko michache, na figo zao ziliumia kidogo, kuliko waliopewa kwa saa 4.

Usishangae pia kuona dripu mbili tofauti. Ya maji ya chumvi hutangulia ili kulinda figo. Dawa yenyewe huchanganywa kwenye glukosi, kwa sababu ikikutana na chumvi inaganda na kufanya mashapo.

Kuna na ndugu yake wa kisasa, AmBisome, ambaye dawa ile ile imefungwa ndani ya vitone vya mafuta. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1999 uliwalinganisha wagonjwa 687 wenye homa baada ya dawa za kansa. Kwa waliopewa ya mafuta, 18 katika kila 100 walitetemeka; kwa waliopewa ya kawaida, 54. Tatizo ni bei, si mchezo. Na yeye ana kituko chake: dakika 5 za mwanzo kifua kinaweza kubana au kiuno kuuma. Nesi akiisimamisha na kutoa dawa ya mzio, kwa kawaida hutulia, dripu ikaendelea.

Majina yanafanana lakini dozi ni mbalimbali. Ya kawaida haizidi miligramu 1.5 kwa kilo ya mgonjwa kwa siku. Ya mafuta hufika 3 hadi 5. Kuchanganya hizi mbili kumewahi kuua watu. Kwa hiyo kuuliza "nesi, samahani, hii ni ya kawaida au ya mafuta?" si ujuaji.

Akianza kutetemeka, mfunike blanketi, mwite nesi. Lakini ukiona midomo inavimba, pumzi inapiga filimbi au ngozi inatoka vipele, usisubiri zamu ya mtu. Piga kelele wodi nzima isikie.