Chumvi Iliyoibwa na Mvua

Oktoba 1999, helikopta ilipita na kurudi juu ya msitu wa Hubbard Brook, katika jimbo la New Hampshire nchini Marekani, ikimwaga vidonge vya madini ya volastoniti. Zaidi ya tani 40 zilitawanywa kwenye bonde moja dogo la karibu hekta 12. Madini hayo yana kalsiamu nyingi, na kalsiamu ndicho hasa kitu ambacho mvua ilikuwa imeuibia udongo huo kwa miongo kadhaa.

Wizi wenyewe ulianza kuonekana 1963, wanasayansi Gene Likens na Herbert Bormann walipoanza kuichunguza mvua ya hapo. Mvua safi ina pH ya 5.6 hivi. Ya Hubbard Brook ilikuwa karibu 4.1, yaani kali takriban mara 30 zaidi, kwa kuwa kila kipimo hicho kinaposhuka hatua moja, ukali huzidi mara kumi. Moshi wa mitambo ya umeme wa makaa ya mawe ulisafiri mamia ya kilomita na kugeuka tindikali mawinguni.

Ardhini, tindikali hiyo huzing'oa kalsiamu na magnesi kutoka kwenye chembe za udongo, na maji huzibeba hadi mtoni. Nafasi inapobaki wazi, alumini iliyokuwa imefungwa ndani ya madini huyeyuka na kuwa sumu kwa mizizi.

Wanaoumia kwanza hawaonekani kwa macho. Bakteria wengi hupenda udongo usio mchachu. Kuvu huvumilia zaidi. Uchachu ukizidi, bakteria hupungua, kuvu wakashika sehemu kubwa ya kazi, na majani makavu huoza polepole. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitrati hulegea. Hata wale wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi ya maharage, wakiyapatia naitrojeni kutoka hewani, hudhoofika. Mkulima wa magharibi mwa Kenya anaijua hali hii, ingawa uchachu wa kwake hautokani sana na moshi. Umeletwa na mvua nyingi za karne na karne, pamoja na mbolea zenye amonia. Dawa yake ni chokaa.

Sheria ya hewa safi iliyorekebishwa Marekani 1990 ilipunguza salfa angani, na ukali wa mvua ukapungua. Udongo haukufuata haraka, kwa sababu kalsiamu mpya hutoka kwenye miamba inayomeng'enyuka taratibu mno. Ndiyo maana helikopta ikaitwa.

Matokeo yalianza kwa furaha. Miche ya mepo, mti ambao utomvu wake huchemshwa kuwa shira nzito, ilinawiri, na kuvu rafiki wa mizizi yake wakaongezeka. Lakini tabaka la majani na mboji juu ya ardhi lilianza kupungua. Tindikali ilikuwa imewafunga viumbe waozeshaji breki. Breki ilipoachiwa, waliirudia akiba iliyolundikana na kuitafuna, kaboni yake ikitoweka.

Naitrojeni nayo ilianza kuvuja: zaidi ya miaka kumi baada ya helikopta kuondoka, kijito cha bonde hilo kilianza kubeba naitrati nyingi kuliko vijito vya jirani ambavyo havikumwagiwa kitu.