Python imejificha wapi ndani ya kompyuta?

WATU wengi wanaojifunza kuandika programu kwa lugha ya Python hukwama mahali wasipopatarajia. Wameipakua na kuiweka kwenye kompyuta, lakini wakiiita mashine hujibu kwamba haiitambui. Wengine huambiwa kuwa kifurushi walichokiongeza dakika chache zilizopita hakipo.

Hapo mwanafunzi mwenye kazi ya kuwasilisha kesho huamua kupakua toleo jingine. Mara nyingi tatizo huongezeka, kwa kuwa sasa kompyuta ina Python mbili au tatu, kila moja ikiwa na folda yake na vifurushi vyake. Kinachoongezwa kwenye moja hakionekani kwenye nyingine.

Lugha hiyo, ambayo Guido van Rossum wa Uholanzi aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, ilipewa jina la kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Uingereza, Monty Python, wala si la chatu. Hata hivyo, hujificha kama chatu kweli.

Mtumiaji anapoandika neno "python", kompyuta haipekui diski nzima. Hupitia orodha ya folda iitwayo PATH, moja baada ya nyingine, na kuitumia ile inayokutana nayo kwanza. Programu ya kuweka Python kwenye Windows ina kisanduku kidogo cha kuiingiza katika orodha hiyo, na wengi hukipita bila kukiwekea alama. Python inakuwepo, lakini haitambuliki.

Katika Windows, amri ya "where python" kwenye dirisha la amri huonyesha njia zote zilizopatikana katika orodha hiyo. Mara nyingi Python huwa ndani ya AppData, chini ya folda ya mtumiaji. AppData hufichwa na Windows, ndiyo maana anayeitafuta kwa macho haioni. Amri ya "py -0p" nayo huorodhesha matoleo yaliyosajiliwa na mahali yalipo.

Kuna mtego mmoja hapo. Tangu mwaka 2019, Windows 10 imekuwa ikija na faili dogo lenye jina hilohilo katika folda ya WindowsApps, ambalo kazi yake ni kumpeleka mtumiaji kwenye duka la Microsoft. Kuliona jina hilo peke yake si ushahidi kwamba lugha yenyewe imo.

Kwa wenye Linux au Mac, amri ni "which -a python3", na jibu la kawaida ni /usr/bin/python3.

Njia ya uhakika zaidi ni kuiuliza Python yenyewe. Mistari miwili, "import sys" na "print(sys.executable)", hutaja faili linalofanya kazi wakati huo. Inafaa iandikwe ndani ya kihariri kilekile kilicholeta matatizo, kwani kihariri huweza kutumia Python tofauti na ile ya dirisha la amri. Vilevile, kuongeza kifurushi kwa "python -m pip install" hukipeleka kwa Python ileile iliyoitwa.

Hatari kubwa iko kwa wenye Ubuntu wanaoamua kuifuta Python ya /usr/bin ili waanze upya. Zana nyingi za mfumo huo huitegemea, na kuiondoa kunaweza kuondoka na mazingira yote ya madirisha, mtumiaji akabaki na kioo cheusi na maandishi tu. Debian 12, iliyotoka mwaka 2023, hukataa hata pip kuongeza vifurushi katika Python ya mfumo.

Anayetaka kufanya majaribio hutengeneza mazingira ya pembeni kwa "python3 -m venv" likifuatiwa na jina la folda. Hayo anaweza kuyafuta wakati wowote.